Mirija ya Shaba Masikioni mwa Popo

Umeme ulikatika kama saa tatu usiku. Dakika chache baadaye kitu kikapita karibu na shavu langu. Hakikunigusa, nilisikia upepo wake tu. Nilipowasha tochi ya simu nikamwona: popo mdogo, katokea kwenye tundu la dari, anazunguka sebuleni kwa kasi. Mimi mwenye nyumba, niliyeipanga ile meza na vile viti kwa mikono yangu, nilijigonga ugoko mara mbili nikitafuta ufagio. Yeye mgeni alipita kati ya feni na pazia, akarudi, akapita tena, wala hakugusa kitu. Binti wa kaka yangu, ana miaka tisa, alikuwa kajifunika kanga gubigubi akiogopa popo asije akanasa kwenye nywele zake. Kutoka humo ndani ya kanga akauliza, "Shangazi, si wanasema popo haoni?"

Nikamjibu kama mtu mzima anayejua mambo: popo anatumia masikio.

"Nani aliwaambia?"

Nikakosa jibu. Popo hasemi, na sauti anazotumia kutafuta njia hatuzisikii. Sasa mtu wa kwanza kujua alijuaje? Mimi ni mwandishi wa habari, na swali la "nani aliwaambia" ndilo ninalolipwa kuuliza, kwa hiyo liliniuma kidogo kuulizwa na mtoto. Nimelifuatilia kwa wiki kadhaa. Nilitegemea kukuta hadithi ya mashine na maabara za karne ya 20. Mashine zipo, lakini zinakuja mwishoni kabisa. Mwanzo wake ni padri mzee, bundi mmoja, mshumaa uliozimika, na mirija miwili ya shaba midogo kiasi cha kuingia ndani ya tundu la sikio la popo.

Padri huyo ni Lazzaro Spallanzani, aliyezaliwa Scandiano, Italia, mwaka 1729. Tangu 1769 alikuwa profesa wa elimu ya viumbe katika Chuo Kikuu cha Pavia. Alikuwa mtu wa kutokubali jambo mpaka alijaribu mwenyewe, hata kwa mwili wake. Ili kujua chakula husagwa vipi tumboni, alimeza vifuko vya kitambaa vyenye chakula ndani yake kisha akavichunguza vilipotoka. Alionyesha kwamba mchuzi wa nyama ukichemshwa na kufungwa vizuri hauoti vijidudu vyenyewe kwa vyenyewe, miaka mingi kabla ya Pasteur. Kufikia 1793 alikuwa na umri wa miaka 64, jina lake linajulikana Ulaya nzima, na angeweza kabisa kukaa akapumzika.

Mwaka huo alikuwa anamchunguza bundi chumbani. Mshumaa ukizimika, bundi naye anapotea: anagonga kuta, anagonga samani. Bundi tunayemhofia kwa macho yake ya usiku, kumbe anahitaji angalau mwanga kidogo. Spallanzani akajaribu popo katika giza lile lile, na popo wakaruka kama vile ni mchana. Akawavika kofia ya kufunika kichwa kizima, wakaanza kugonga vitu. Ungedhani jibu limepatikana: wanatumia macho, tena makali kuliko ya bundi. Lakini akajaribu pia kofia nyembamba iliyopitisha mwanga, na nayo ikawapoteza vile vile. Hilo halikuingia akilini. Mnyama ambaye macho yake yanapata mwanga, kwa nini agonge ukuta?

Basi akayaondoa macho.

Sitaki kupita hapa haraka kama wapitavyo waandishi wengi wa historia ya sayansi. Aliyachoma kwa waya wa moto, au aliyatoa kabisa. Alikuwa padri, alisoma misa, na alifanya hivyo kwa popo wengi. Waliokuja baada yake walifunika macho ya popo kisha wakayafunua, wakapata jibu lile lile. Hakulazimika. Ninamstahi kwa mengi katika habari hii, ila kila nikifika hapa ninasita.

Jibu lenyewe lilimshangaza. Popo asiye na macho aliruka kama mwenzake mwenye macho. Alikwepa nyuzi zilizoning'inizwa chumbani, alikwepa kuta, alitua anapotaka. Spallanzani akatoka nje ya chumba. Aliwakamata popo katika mnara wa kengele wa kanisa kuu la Pavia, akawapofusha, akawaachia. Baadaye alirudi kuwakamata alfajiri wakati wanatoka kuwinda, akapasua matumbo ya wale vipofu: yalijaa wadudu kama ya wenzao wanaoona. Popo kipofu hakuwa anabahatisha njia tu. Alikuwa anakamata mbu gizani.

Kwa Kiswahili tuna kitendawili cha popo wawili wanaovuka mto, na jibu lake ni macho. Nilikua nikidhani ni popo hawa wa usiku. Siku hizi nashuku, kwa sababu wazee husema "mbili" na si "wawili", kwamba pengine hizo ni popoo za kutafunia tambuu. Wataalamu wa vitendawili watanisahihisha. Ila nacheka kila nikikumbuka kwamba kuna mtu aliyejaribu kuwatenganisha popo na macho kwa nguvu zake zote.

Kilichofuata kilifanyika kwa barua. Wapenzi wa fasihi tunazijua barua za washairi na za wapenzi. Karne ya 18 sayansi nayo iliishi ndani ya bahasha. Spallanzani aliwaandikia wasomi wenzake akiwaomba warudie majaribio yake, kila mtu kwa popo wa kwao. Mwaka 1794 baadhi ya barua hizo zilichapishwa Turin, na kichwa chake kilizungumzia shaka ya kuwepo hisi mpya kwa popo. Aliondoa hisi moja baada ya nyingine. Aliwapaka popo vanishi mwilini na kwenye mabawa ili ngozi isihisi hewa; wakaruka. Aliondoa ulimi ili kuiondoa ladha; wakaruka. Zilipokwisha hisi zote alizozifikiria, akabaki na wazo la hisi ya sita.

Barua moja ilifika Geneva kwa rafiki yake Jean Senebier, ambaye aliisoma mbele ya wasomi wa mji huo. Miongoni mwa waliovutiwa alikuwa daktari wa upasuaji, Louis Jurine. Yeye aliziba masikio. Alijaza nta na vitu vingine vya namna hiyo ndani ya mfereji wa sikio, na popo wale hodari wakawa kama vipofu wa kweli: wakagonga kila kilichokuwa mbele yao.

Spallanzani aliposikia hakufurahi mara moja. Masikio? Popo anaporuka chumbani haisikiki sauti yoyote. Sasa anasikiliza nini? Lakini alikuwa mtu wa kujaribu, akarudia, akapata alichokipata Jurine. Hapo ndipo akafanya kitu ambacho kwangu ndicho kilele cha habari nzima.

Alijua mpinzani atasema nini. Atasema: umemjazia mnyama nta sikioni, anaumia, amechanganyikiwa, ndiyo maana anagonga, haihusiani na kusikia. Kwa hiyo Spallanzani akatengeneza vijimirija vya shaba vyenye umbo la kuchongoka kama faneli, akaviingiza katika mifereji ya masikio ya popo waliopofushwa. Mirija ikiwa wazi, popo anaruka vizuri. Mirija ile ile, katika masikio yale yale, ikizibwa, popo anagonga ukuta. Ukizibua, anaruka tena. Usumbufu ni ule ule, uzito ni ule ule. Kilichobadilika ni kimoja tu: njia ya hewa kuelekea ngoma ya sikio iko wazi au imefungwa.

Tulitazame tundu lenyewe, maana lina maajabu yake. Mfereji wa sikio ni bomba lililo wazi upande mmoja na kufungwa upande wa pili kwa ngoma ya sikio. Bomba la namna hiyo lina sauti linayoipa nguvu kuliko nyingine, kama ilivyo kwa filimbi: ndefu hutoa sauti nzito, fupi hutoa sauti nyembamba. Mfereji wa mtu mzima una urefu wa kama sentimita 2.5, na sauti inayokuzwa zaidi humo ni ya mitetemo 3,000 hivi kwa sekunde. Fupisha bomba hilo liwe la milimita tano, na hesabu ile ile inakupeleka kwenye mitetemo kama 17,000, karibu kabisa na mwisho wa uwezo wetu wa kusikia. Wanyama wadogo wana mifereji ya milimita chache tu. Kwa umbile lake tu, tundu lao limekaa tayari kwa sauti ambazo sisi hatuna habari nazo.

Mwishoni mwa mfereji, sauti ambayo bado ni hewa inayosukumana huigonga ngoma, na ngoma huvitikisa vifupa vitatu: nyundo, fuawe na kikuku. Ngoma ni pana, kidirisha cha ndani ambako kikuku kinakanyaga ni kidogo, hivyo nguvu iliyotawanyika hukusanywa mahali padogo ikapata uwezo wa kusukuma majimaji ya sikio la ndani. Vifupa viwili kati ya hivyo vilikuwa mifupa ya taya. Mjerumani Karl Reichert alilionyesha hilo mwaka 1837 kwa kuchunguza vijusi vya nguruwe: mifupa ambayo kwa mijusi inaunganisha taya, kwa mamalia imehamia sikioni. Mamalia wa mwanzo walikuwa vijinyama vidogo, na sikio lao ni kama mtambo uliotengenezwa kwa vyuma vya mtambo mwingine.

Udogo huo una sababu nyingine ya kupenda sauti za juu. Sisi tunajua sauti inatoka upande gani kwa kuwa inafika sikio moja kabla ya jingine, na kwa kuwa kichwa kinaikinga upande wa pili. Panya au popo ana kichwa kidogo mno. Tofauti ya muda kati ya masikio yake ni finyu sana, na sauti nzito hukizunguka kichwa chake kana kwamba hakipo. Wimbi la sauti ya mitetemo 1,000 kwa sekunde lina urefu wa sentimita 34. Lile la 50,000 halifiki hata milimita saba, na hilo ndilo linaloweza kukingwa na kichwa cha sentimita mbili, au kurudishwa na bawa la nondo. Mwaka 1969 Masterton, Heffner na Ravizza walilinganisha mamalia wengi wakaona mpango huo: kadiri masikio yanavyokaribiana, ndivyo mnyama anavyohitaji kusikia sauti za juu zaidi.

Na mlangoni mwa mfereji, popo wengi wana kijinyama kilichosimama kama mkuki mdogo. Ukikiona unaweza kudhani ni pambo. Mwaka 1982 Lawrence na Simmons walikikunja na kukibandika pembeni, na popo wakapoteza sehemu ya uwezo wao wa kupambanua kitu kilicho juu na kilicho chini. Sauti ikipita penye kizuizi hicho hubadilika kidogo kulingana na pembe inayotokea, na popo huyasoma mabadiliko hayo.

Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo Spallanzani angeweza kulijua. Alijua njia imefunguliwa au imefungwa, basi. Lakini alitamka wazi kwamba kwa popo sikio linafanya kazi ya kuona, au angalau ya kupima umbali, vizuri kuliko jicho. Alishindwa kueleza kwa vipi, na hakuona aibu kusema ameshindwa.

Kinachonikera ni kwamba mtu aliyejua sikio kuliko wote Italia alikuwa katika mji ule ule. Antonio Scarpa, profesa wa anatomia Pavia, alichapisha mwaka 1789 kitabu kikubwa juu ya viungo vya kusikia na kunusa. Ila wawili hawa hawakuwa marafiki. Spallanzani alipokuwa safarini Constantinople miaka ya 1785 na 1786, wenzake kadhaa chuoni, Scarpa akiwamo, walisimama upande wa waliomshutumu kwamba ameiba vitu vya makumbusho. Uchunguzi ulimsafisha mwaka 1787. Baada ya hapo, we unategemea akamgongee mlango amwonyeshe popo wake? Barua zilivuka milima ya Alps kwenda Geneva, lakini sijakuta dalili kwamba zilivuka uwanja wa chuo.

Halafu akaja Cuvier. Mwaka 1795 Georges Cuvier alikuwa kijana wa miaka 25 au 26, mgeni Paris, anapanda ngazi kwa kasi. Aliandika juu ya suala hili la popo, na hukumu yake ikawa kwamba hisi ya kugusa inatosha kueleza yote: popo anahisi hewa kwa mabawa yake. Hakufanya jaribio lolote. Popo waliopakwa vanishi walikuwa wamekwisha kulijibu hoja hilo kabla hajaliandika, na wa Jurine wakalizika. Lakini Cuvier alikuja kuwa Cuvier, baba wa anatomia linganishi, na maneno yake yakaingia vitabuni. Spallanzani alifariki Februari 1799, sehemu kubwa ya kumbukumbu za majaribio yake ikiwa haijachapishwa. Mwaka 1809 Mwingereza George Montagu alifanya utani: kama popo wanaona kwa masikio, je, wanasikia kwa macho? Watu wakacheka. Utani ukimpata mtu aliyekufa haujibiwi.

Nimeona mambo haya kwenye kazi yangu. Mwenye ushahidi anaandika kurasa nyingi, anakiri pale asipojua. Mwenye jina anaandika sentensi moja bila wasiwasi. Asubuhi magazeti yanabeba ile sentensi moja.

Kuna mahali pengine ambapo jina la Spallanzani liliendelea kuishi, na wasomaji wa ukurasa huu huenda wameshakutana nalo bila kujua. Katika "Der Sandmann", hadithi ya E. T. A. Hoffmann iliyotoka 1816, kuna profesa wa fizikia aitwaye Spalanzani, na mhusika mkuu anasema kabisa kwamba profesa ana jina la yule mwanasayansi maarufu. Hadithi nzima ni hofu ya kung'olewa macho. Huyo profesa ametengeneza mwanasesere anayetembea, Olimpia, na mwishoni macho ya mwanasesere huyo yanabaki sakafuni. Sidai kwamba Hoffmann alikuwa anawawaza popo wa Pavia. Ninachosema ni kwamba nilipoisoma tena baada ya haya yote, sikulala mapema.

Karne ya 19 ikapita hivyo. Wafaransa Rollinat na Trouessart mwaka 1900, kisha Mmarekani Walter Hahn mwaka 1908, walirudi kwenye masikio na kuona kwamba ukiyaziba popo anapotea. Hakuna aliyejua bado anasikiliza nini.

Aprili 1912 Titanic ikazama, na mwaka huo huo Hiram Maxim akapendekeza meli zijengewe kifaa cha kugundua mabarafu gizani kwa kuiga popo. Ndiye Maxim yule yule wa bunduki iliyowafyeka watu wetu katika vita vya wakoloni. Alifikiri mabawa ya popo yanatoa mvumo mzito, chini ya kiwango cha kusikika, na mvumo huo unarudi. Mwangwi alikuwa sahihi. Sauti alikosea: aliitafuta chini badala ya juu. Maxim wakati huo alikuwa kiziwi kabisa, masikio yake yameharibiwa na miaka mingi ya kufyatua bunduki alizobuni mwenyewe. Miaka minane baadaye, Hamilton Hartridge wa Cambridge alielekeza juu: huenda popo wanapiga kelele nyembamba mno kwa masikio yetu, wakasikiliza zinaporudi. Lilikuwa wazo tu, bila chombo cha kulipima.

Chombo kilikuwa Harvard, na hakikutengenezwa kwa ajili ya popo. George Washington Pierce, mwanafizikia, alikuwa na kifaa cha kushusha sauti za juu hadi zisikike, akakitumia kusikiliza wadudu. Mwaka 1938 mwanafunzi mmoja, Donald Griffin, aliyekuwa akiwavisha popo pete ili ajue wanahamia wapi, aliwabeba katika kizimba hadi kwa Pierce. Walipowaweka mbele ya kifaa, chumba kilichodhaniwa kimya kikajaa kelele. Ila popo waliporuka, kifaa mara nyingi hakikunasa kitu, na taarifa yao ya mwaka huo ikawa ya tahadhari. Baadaye ilieleweka: popo hutoa sauti yake mbele kama mwanga wa tochi, na kifaa kilisikia kilichokuja moja kwa moja kuelekea kwake. Wawili hao wasipotazamana, hakuna kinachosikika.

Griffin akaungana na Robert Galambos, mwanafunzi mwenzake aliyejua kupima umeme wa sikio. Mbinu hiyo ilikuwa changa. Mwaka 1930 huko Princeton, Wever na Bray waliunganisha waya kwenye neva ya sikio la paka, wakakuta maneno yanayosemwa karibu na sikio la paka yanasikika kwa simu katika chumba kingine. Galambos alifanya jambo la aina hiyo kwa popo, akaona sikio lao la ndani linaitikia sauti zilizo juu sana ya kikomo cha binadamu. Kisha wote wawili wakatundika nyaya kutoka darini zikitengana kama sentimita 30, wakawaachia popo. Macho yakifunikwa, wanapita. Masikio yakizibwa, wanagonga. Sikio moja tu likizibwa, wanagonga sana kuliko kawaida. Na jambo jipya: mdomo ukifungwa, wanagonga vile vile kama waliozibwa masikio.

Galambos alipoeleza matokeo hayo mwaka 1940 kwenye mkutano wa wanasayansi, mwanafiziolojia mmoja mashuhuri alimshika mabegani akamtikisa, akimwambia haiwezekani awe anamaanisha anachokisema. Wakati huo vifaa vya kijeshi vya kutafuta manowari na ndege kwa mawimbi yanayorudi vilikuwa siri. Kusema kwamba kinyama cha gramu chache kinafanya jambo la namna hiyo kilionekana kuwa tusi.

Taarifa zao zilitoka kuanzia 1941. Mwaka 1944 Griffin alibuni jina la uwezo huu, yaani kutafuta njia kwa mwangwi, katika makala iliyowataja pamoja popo, rada na watu wasioona. Hao wa mwisho hawakuingia kwa bahati mbaya. Kwa muda mrefu watu wasioona walisema wanahisi ukuta usoni kabla hawajaufikia, kama mguso wa hewa kwenye ngozi, na wataalamu wengi waliamini ni ngozi. Huko Cornell, Supa, Cotzin na Dallenbach walilijaribu, na Supa mwenyewe alikuwa haoni. Uso ukifunikwa, mtu bado anautambua ukuta. Masikio yakizibwa, anaugonga. Kosa la Cuvier juu ya popo lilikuwa limefanywa juu ya binadamu, na lilirekebishwa kwa njia ile ile ya Geneva.

Nimwongezee mpwa wangu jambo moja, kwa kuwa ataniuliza: si popo wote. Wale wakubwa wa matunda, kama popo wa Pemba anayelala mitini mchana kweupe, wanategemea macho na pua. Kati ya popo wa matunda, wale wa mapangoni wa jamii ya Rousettus ndio wanaopiga ulimi wakasikiliza mwangwi.

Mwaka 1960 Mholanzi Sven Dijkgraaf, ambaye wakati wa vita, bila kujua kazi ya Griffin, alikuwa amezisikia kwa masikio yake alama hafifu za sauti za popo, alichapisha makala juu ya majaribio ya Spallanzani ambayo hayakuwahi kutoka. Ndipo watu walipoona mzee alikuwa amefika mbali kuliko walivyodhani, na ndipo zile kofia za mwanzo zikapata maana. Nyeusi au ya kupitisha mwanga, popo alipotea kwa zote mbili, na Spallanzani akaziweka pembeni akaenda kwenye macho. Kofia ilifunika kichwa kizima. Ilikuwa imeziba masikio, na mdomo pia.